Utangulizi: Kuisoma Urusi Kutokea Maganzo

Mwanafunzi wa Shinyanga anayetaka kuijua Urusi huelekezwa kwa Tolstoy, naye akiona unene wa kitabu hukata tamaa. Mimi humwanzisha na Mngazija. Selim bin Abakari, mtumishi wa Mjerumani Theodor Bumiller, alifuatana na bwana wake hadi Urusi na Siberia mwaka 1896. Masimulizi yake ya Kiswahili yalichapishwa mwaka 1901 na Carl Velten, mwalimu wa Kiswahili Berlin, katika Safari za Wasuaheli. Kitabu hichohicho kina safari ya Sleman bin Mwenye Chande kutoka pwani hadi Tanganyika. Zisome zote mbili, uone kama watu wa bara walitazamwa kwa heshima zaidi kuliko Wakalmuk aliowakuta Selim huko Urusi. Mimi nina shaka.

Selim alikuwa Mwislamu, hivyo Watatari, Waislamu wenzake, hawakuwa wageni kwake kama walivyokuwa kwa bwana wake. Lakini nauli alilipiwa, na maandishi yake yalipitia mikononi mwa Velten. Anaposifu, jiulize anamsifia nani.

Baada yake, fuata mawe. Mwaka 1940 John Williamson aliupata mwamba wa almasi Mwadui. Mwaka 1954, kule Yakutia, Siberia, mwanajiolojia Larisa Popugaeva alipanda na mto akifuata punje nyekundu za garneti zilizosombwa na maji, hadi akafika kwenye mwamba uliozizaa. Aliyewahi kuchekecha changarawe Maganzo, jirani na Mwadui, hahitaji kufafanuliwa kazi hiyo. Mwaka uliofuata likagunduliwa chimbo la Mir, na kando yake ukajengwa mji wa Mirny. Huko ardhi imeganda, na majengo husimamishwa juu ya nguzo ili joto lake lisiyeyushe barafu iliyo chini yakatitia.

Mwanafunzi wa Geita namkabidhi mwandishi Varlam Shalamov, aliyekamatwa mwaka 1937 akapelekwa Kolyma kuchimba dhahabu akiwa mfungwa. Hadithi zake ni fupi, na baridi kali. Anayejua duara, yaani shimo la wachimbaji wadogo, la Nyarugusu atalijua jasho lake, ila huko hapakuwa na mgawo wa mawe jioni. Palikuwa na mkate, na ukubwa wake ulitegemea kazi uliyoitimiza.

Ukichoka na huzuni, chukua tamthilia ya Gogol ya mwaka 1836 kuhusu mkaguzi wa serikali. Christon Mwakasaka ameifasiri kwa Kiswahili. Wakubwa wa mji mdogo wanasikia mkaguzi anakuja, wanahaha kusafisha hospitali, kisha wanampa rushwa mtu asiye mkaguzi. Hapo hutahitaji ramani ya Urusi.