Kabla ya kukopa, tazama ulicho nacho ndani

Jumapili hii nakuomba ufungue Biblia yako katika 2 Wafalme 4:1-7, habari ya mjane aliyemlilia nabii Elisha. Mume wake amefariki. Alikuwa mcha Mungu, na Elisha alimfahamu. Lakini ameacha deni, na mdai amefika mlangoni kuchukua watoto wawili wa kiume wakawe watumwa wake.

Usipite hapa haraka. Marehemu alikuwa mcha Mungu, na deni lake lilikuwa deni kweli. Kumcha Mungu hakukulifuta, na msiba haukumfanya mdai aone haya. Biblia haifichi jambo hili, wala sisi tusilifiche. Wapo watu wa Mungu wengi wanaoingia ibadani leo huku simu zimezimwa ili anayewadai asiwapate.

Nimechagua habari hii kwa sababu ya swali ninalolisikia kila mahali: "Nina wazo la biashara, mtaji nitapata wapi?" Ili tusizungumze hewani, twende Ilagala, mkoani Kigoma, karibu na mahali Mto Malagarasi unapoingia Ziwa Tanganyika. Huko chupa ya mafuta ya yule mjane haihitaji maelezo marefu, maana mawese ni chakula na ni biashara. Mikungu ya chikichi hukatwa, chikichi huchemshwa, hutwangwa na kukamuliwa, mafuta yakaingia kwenye madumu. Kokwa zikipasuliwa hutoa mise, nayo ina mafuta yake. Wengine hutengeneza sabuni ya gwanji.

Tuseme wewe ni mama wa hapo Ilagala. Unataka kununua mikungu kwa wakulima, ukamue, uuze mawese Kigoma mjini. Umepiga hesabu ya mikungu, kuni, ukamuaji na nauli, ukaona unahitaji shilingi 300,000. Huna. Utafanya nini?

Wengi tungekimbilia kuuliza nani anakopesha. Elisha hakuanza hapo. Alimwuliza mjane ana kitu gani nyumbani. Mama alijibu kwamba hana kitu, kisha akakumbuka chupa ya mafuta. Jibu lake lilianza na "sina", nasi ndivyo tulivyo. Tumezoea kuita mtaji fedha taslimu tu, na kilichomo ndani hatukihesabu.

Sasa hesabu vya kwako, mama wa Ilagala. Una madumu mawili na sufuria kubwa. Unajua kutofautisha chikichi iliyoiva na ile iliyokatwa kabla ya wakati. Una mjomba mwenye michikichi kumi ambaye anaweza kukupa mikungu leo ukamlipa ukishauza. Kuna mama ntilie wawili mjini wanaonunua mawese yako kwa sababu hujawahi kuyachanganya na kitu. Hicho ndicho chupa yako. Pengine badala ya 300,000 unahitaji 80,000 ya kuanzia, na faida ya dumu la kwanza inunue mikungu ya dumu la pili. Bwana Yesu mwenyewe, katika Luka 14:28-30, anasema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara: kwanza aketi, apige gharama, asije akaweka msingi akashindwa kumaliza, watu wakamcheka. Kuketi na kalamu na daftari si kukosa imani.

Hatua ya pili ya nabii ndiyo inayonigusa zaidi. Alimtuma mjane kwa majirani zake wote akaazime vyombo vitupu, tena visiwe vichache. Angalia, majirani hawakuombwa fedha. Waliombwa kitu kilichokaa bure nyumbani mwao. Lakini ili mtu akuazime chombo, lazima akuamini kwamba utakirudisha. Na mafuta yalikoma pale vyombo vilipokwisha. Kipimo cha baraka siku ile kilikuwa idadi ya majirani waliomwamini mama yule.

Hivyo ndivyo vikoba vinavyofanya kazi. Mwaka 1991, huko Maradi nchini Niger, shirika la CARE lilianza na vikundi vya wanawake vilivyoweka akiba yao wenyewe na kukopeshana wao kwa wao. Utaratibu huo ulisambaa Afrika, na hapa kwetu tukauita VICOBA. Siri yake ni ndogo. Tuseme mko wanachama 20, kila mmoja anaweka 5,000 kwa wiki. Kila wiki sanduku linapata 100,000, na kwa wiki 52 mnakuwa na 5,200,000 kabla ya faida. Wewe peke yako unakuwa umeweka 260,000. Vikundi vingi humruhusu mwanachama kukopa hadi mara tatu ya hisa zake, yaani 780,000, na riba inayolipwa inarudi kwenu wenyewe mkigawana mwisho wa mwaka. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo hukaa kwa watu watatu tofauti. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavitambua vikundi hivi na kuvitaka visajiliwe.

Msisitizo uko kwenye uaminifu, ndugu yangu. Watu wa Ujiji wanazo habari za zamani kuhusu hili. Oktoba 1871 David Livingstone alirudi Ujiji kutoka Manyema akiwa mgonjwa na amechoka, akitegemea bidhaa alizotumiwa kutoka Pwani, nguo na shanga, ambazo siku zile ndizo zilikuwa fedha ya safari. Akakuta mtu aliyekabidhiwa mali hiyo ameiuza yote. Mtaji ulikuwepo na ulifika, ila mikono iliyoushika haikuwa salama. Kikoba kinaweza kufa hivyohivyo, mweka hazina akijikopesha kimyakimya au mwanachama akihama kijiji na deni la wenzake. Katika Luka 16:10 Bwana anaunganisha uaminifu wa jambo dogo na wa jambo kubwa. Anayerudisha dumu la jirani likiwa safi ndiye atakayeaminiwa na 780,000.

Kisha mjane aliambiwa afunge mlango, yeye na wanawe, ndipo amimine. Mtaji nao unahitaji mlango. Biashara nyingi za watu wema hazifi kwa kukosa wateja. Hufa kwa sababu fedha ya mikungu imechangia harusi, imenunua sare za kwaya na imekwenda msibani. Kuchangia msiba ni jambo jema, na ndiyo maana vikoba vina mfuko wa jamii, tofauti na fedha ya mikopo. Tenga fedha ya biashara na ya nyumbani, hata kama ni kwa bahasha mbili tu.

Je, kukopa ni dhambi? Hapana. Mithali 22:7 inatuonya kwamba mkopaji huwa mtumwa wa mkopeshaji, nayo inasema hali ilivyo. Kwa hiyo ukikopa, chagua deni linalolingana na mwendo wa kazi yako.

Mfano ni dagaa. Kwenye Ziwa Tanganyika dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa huwavuta samaki giza likiwa nene. Mwezi ukiwa mpevu, mitumbwi hupumzika. Sasa mama anayeanika dagaa akichukua mkopo wa kurejesha kila wiki, ile wiki ya mbalamwezi atalipa kwa nini? Atakopa kwingine alipie huku. Na mwaka 2024 ziwa lilifungwa miezi mitatu, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wazaliane. Ni jambo jema kwa vizazi vijavyo, lakini rejesho la kila wiki halikujua kwamba ziwa limefungwa.

Au chukua michikichi yenyewe. Tangu Kassim Majaliwa, akiwa Waziri Mkuu, alipoanzisha kampeni ya zao hili Kigoma mwaka 2018, na kituo cha utafiti cha TARI Kihinga kikazalisha miche bora ya tenera, watu wengi wamepanda. Mche huo huanza kuzaa baada ya miaka mitatu hivi. Mtu akipanda kwa mkopo wa miezi sita, atauza shamba kabla hajaonja tunda lake. Kazi ya miaka mitatu ifanyike kwa akiba, kwa jasho, na kwa muhogo na maharage yanayolimwa katikati ya miche ikiwa midogo. Mkopo mfupi ubaki kwa kazi inayozunguka haraka, kama kununua mikungu na kuuza mafuta.

Halmashauri zetu nazo zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mwaka 2023 mikopo hiyo ilisimamishwa baada ya kubainika kuwa fedha nyingi hazirejeshwi na vikundi vingine ni hewa. Ikarejeshwa 2024. Nenda kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata yako, uliza utaratibu. Na ukipata, rudisha. Mkristo anayekula mkopo wa halmashauri kwa kusema ni fedha ya Serikali anamwibia mjane aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni.

Ipo pia mikopo ambayo wananchi wenyewe wameipa jina: kausha damu. Ukiambiwa uchukue laki tatu leo na baada ya mwezi urudishe laki nne, hiyo ni riba ya zaidi ya asilimia 33 kwa mwezi. Benki Kuu imeweka kikomo cha asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wadogo wasiopokea amana, kwa hiyo anakudai zaidi ya mara tisa ya kikomo. Kabla ya kuweka dole gumba, uliza leseni yake, omba mkataba, umpe mtu anayejua kusoma na kuhesabu akusaidie.

Hapa lazima niseme na sisi wa ndani ya kanisa. Baadhi ya wakopeshaji hao tunakaa nao benchi moja. Soma Nehemia 5. Watu walikuwa wameweka rehani mashamba na mizabibu, na watoto wao wameanza kuwa watumwa, na waliowadai walikuwa ndugu zao, watu wa imani moja. Nehemia alikasirika, akawaita wakuu mbele ya mkutano, akawataka warudishe mashamba na riba waliyotoza. Riba iliyomkasirisha ilikuwa sehemu moja ya mia. Naye hakujitoa: alikiri kwamba yeye na watu wake pia walikuwa wakikopesha, akasema tuache jambo hili.

Wachungaji na wazee wa kanisa, tusimwambie mama mwenye 80,000 ya mikungu aitoe yote kama mbegu, halafu asubiri muujiza. Elisha hakuiomba ile chupa ya mafuta. Alimwachia mjane, akamfundisha kuitumia. Matoleo ni ibada, na kila mtu atoe kwa moyo wake, lakini anayechukua mtaji wa mjane amesimama upande wa mdai.

Kanisa lingeweza kuwa ule mtaa wa majirani wenye vyombo. Nyuma ya ibada kuna sufuria za sherehe zinazokaa bure miezi. Kuna ukumbi ambamo kikoba kingeweza kukutana. Kuna mhasibu mstaafu ambaye angefundisha akina mama kutunza daftari kwa saa moja baada ya misa au ibada. Hakuna kati ya hivyo kinachohitaji harambee.

Mwisho, mafuta yalipojaa, mjane alirudi kwa nabii kuuliza afanye nini. Aliambiwa auze, alipe deni, kisha yeye na wanawe waishi kwa kilichobaki. Utaratibu ni huo: kuuza, kulipa, kuishi. Sisi mara nyingi tunaanza na kuishi. Dumu la kwanza likiuzwa tunanunua kitenge na simu, na deni tunaliombea. Mjane alilipa kwanza, na kwa sababu hiyo watoto wake walilala nyumbani kwao usiku ule.

Leo jioni, kabla hujampigia mtu kumwomba akukopeshe, chukua daftari. Upande mmoja andika kila ulicho nacho, hata kiwe chupa moja. Upande wa pili andika majina ya watu wanaoweza kukuazima chombo bila kusita. Kama upande huo wa pili ni mtupu, anza hapo: rudisha ulichoazima, lipa ulichoahidi, omba radhi kwa uliyemkwepa. Kesho utakuwa na mtaji kuliko leo, hata kabla shilingi haijaingia mkononi.

Mungu wa wajane na yatima akubariki, abariki na kazi ya mikono yako. Jumapili njema.