Mpira Ulaya: Nani anaweza kujua kama mtoto wa miaka 14 atakuwa mchezaji mkubwa?

Tarehe 18 Juni 2018, mjini Sochi, nchini Urusi, Ubelgiji ilianza Kombe la Dunia kwa kuipiga Panama mabao 3-0. Bao la kwanza lilifungwa na Dries Mertens, mwanaume wa mita 1,69. Mawili yaliyofuata yalifungwa na Romelu Lukaku, mwenye mita 1,91. Wote wawili walizaliwa Ubelgiji, wote wawili katika mwezi wa tano, na wote wawili walipita katika klabu moja ya Brussels, Anderlecht.

Lakini klabu hiyo haikuwaona kwa jicho moja. Mertens aliachwa akiwa na umri wa miaka 16, kwa sababu walimwona ni mdogo mno wa mwili. Lukaku, yeye, katika umri huohuo wa miaka 16, tena na siku 11 tu juu yake, aliingizwa uwanjani katika mechi ya kuamua ubingwa dhidi ya Standard de Liège, mwezi Mei 2009.

Miaka ilipopita, aliyeachwa na aliyeharakishwa walikutana katika ekipe moja ya taifa, na kila mmoja akafunga. Sasa swali ni hili: wanaopima vijana Ulaya wanaona nini hasa wanapomtazama mtoto wa miaka 13 au 14? Swali hilo linazihusu pia familia nyingi za Wakongomani wanaoishi Brussels, Liège, Paris au London, ambao kila Jumamosi wanasimama kando ya uwanja wakingoja kuambiwa kama mtoto wao atabaki au atarudishwa nyumbani.

Mwili kwanza, kipaji baadaye

Kuna jambo ambalo kila mzazi analijua kwa macho yake. Chukua watoto wawili wa kiume wenye miaka 13, waliozaliwa mwezi mmoja. Mmoja tayari ana sauti nzito, ndevu zinaanza kuota, miguu ni ya mtu mzima. Mwenzake bado ni mtoto kabisa. Kwa karatasi wana umri mmoja. Kwa mwili, wanaweza kuwa wameachana hata miaka minne.

Wakipewa mpira, nani ataonekana bora? Mara nyingi ni yule mkubwa. Anakimbia zaidi, anapiga kwa nguvu, anashinda kila mgongano. Kocha anafurahi, kwa sababu kocha naye anatafuta ushindi wa Jumamosi. Yule mdogo anakaa kwenye benchi, na mwisho wa mwaka anapewa asante na kwaheri. Miaka mitatu kisha, mwili wake unamfikia mwenzake, lakini mlango umekwisha kufungwa.

Mertens alipata bahati ya kuwa mkaidi. Alikwenda Gent, akakopeshwa kwa Eendracht Aalst, kisha akavuka mpaka na kucheza katika daraja la pili la Uholanzi na klabu ya AGOVV Apeldoorn. Hapo hakuna kamera nyingi. Kutoka hapo alipanda hadi Utrecht, kisha PSV Eindhoven, na mwaka 2013 akafika Napoli, Italia. Alipoondoka Napoli mwaka 2022 alikuwa amefunga mabao 148, na hakuna mchezaji mwingine katika historia ya klabu hiyo aliyefikisha hesabu hiyo.

Si yeye peke yake. Antoine Griezmann, bingwa wa dunia na Ufaransa mwaka 2018, alikataliwa na klabu kadhaa za nchi yake kwa sababu ya ufupi wake, mpaka Real Sociedad ya Hispania ikamchukua angali kijana. N'Golo Kanté, bingwa wa mwaka huohuo, alikuwa bado anacheza katika daraja la tatu la Ufaransa na Boulogne wakati vijana wa rika lake walikuwa tayari wanaandikwa kwenye magazeti. Jamie Vardy aliachwa na Sheffield Wednesday akiwa na miaka 16, akacheza katika madaraja ya chini kabisa ya Uingereza, na akawa bingwa wa nchi na Leicester City mwaka 2016, akiwa na miaka 29.

Mwezi wa kuzaliwa nao una neno

Jambo la pili ni kalenda. Katika nchi nyingi za Ulaya, vijana wanagawanywa kwa mwaka wa kuzaliwa, kuanzia tarehe 1 Januari. Maana yake ni kwamba mtoto aliyezaliwa mwanzoni mwa Januari anacheza pamoja na aliyezaliwa mwishoni mwa Desemba, ingawa amemzidi karibu mwaka mzima. Kwa watu wazima, mwaka mmoja si kitu. Kwa mtoto wa miaka 10, ni sehemu moja ya kumi ya maisha yake yote.

Mwaka 2005, Werner Helsen, mtafiti wa chuo kikuu cha Leuven nchini Ubelgiji, alitoa pamoja na wenzake utafiti juu ya ekipe za vijana katika nchi kumi za Ulaya. Waliona kwamba waliozaliwa miezi mitatu ya kwanza ya mwaka walikuwa wengi kupita kiasi katika ekipe za taifa za vijana. Bila shaka Mungu hagawi vipaji vya mpira mwezi wa Januari tu. Ni watu wanaochagua waliokuwa wakichukua ukubwa wa mwili kana kwamba ni kipaji.

Uingereza inafuata kalenda ya masomo, inayoanza tarehe 1 Septemba. Kwa hiyo huko, wadogo wa kundi ni wale wa Julai na Agosti. Harry Kane alizaliwa tarehe 28 Julai 1993. Arsenal ilimwachilia kabla hajatimiza miaka 10. Leo ndiye mfungaji wa mabao mengi zaidi katika historia ya ekipe ya taifa ya Uingereza.

Aliyetangulia si lazima afike

Mtu anaweza kusema: hiyo ni mifano michache tu, kila kanuni ina watu wanaoiponyoka. Basi tuangalie hesabu kubwa.

Mwaka 2023, Arne Güllich wa Ujerumani na wenzake walikusanya tafiti nyingi juu ya wanamichezo wa aina mbalimbali, wake kwa waume, wakalinganisha vijana waliofanya vizuri na watu wazima waliofanya vizuri. Katika vijana wa miaka 16 na 17 waliokuwa wamefika kiwango cha kimataifa, 89 kwa 100 hawakufika kiwango kama hicho walipokuwa watu wazima. Ukigeuza swali, unakuta jibu linalofanana: katika watu wazima wa kiwango cha kimataifa, 82 kwa 100 hawakuwa katika kiwango hicho walipokuwa na umri huo. Kwa maneno mengine, mabingwa wa utotoni na mabingwa wa ukubwani, kwa sehemu kubwa, si watu walewale.

Utafiti mwingine wa Güllich, wa mwaka 2022, uliwatazama wanamichezo zaidi ya 6.000, ambao 772 kati yao walikuwa wa kiwango cha juu kabisa duniani. Hao wa juu kabisa, utotoni walikuwa wamecheza michezo mingi tofauti, walianza mchezo wao mkuu wakiwa wamechelewa kidogo, na maendeleo yao ya kwanza yalikuwa ya polepole kuliko ya wale walioishia katika kiwango cha taifa tu.

Lakini tusizidishe. Vijana 11 kwa 100 wanaofika bado ni wengi sana kuliko mtoto yeyote tu wa mtaani. Kushinda mapema ni alama nzuri, ila ni alama dhaifu. Haitoshi kumpa mtoto hakikisho, wala kutoshinda hakutoshi kumfukuza.

Na Lukaku je?

Hapa wengine watauliza: mbona Lukaku alikuwa mkubwa mapema na bado akafika? Jibu ni kwamba ukubwa wa mwili si kosa. Kosa ni kuhukumu kwa ukubwa peke yake, iwe kwa kumpenda mtoto au kwa kumshuku.

Lukaku mwenyewe, mwana wa Roger Lukaku aliyechezea Zaïre, alisimulia mwaka 2018 kisa kilichompata akiwa na miaka 11, akichezea vijana wa Lierse. Mzazi mmoja wa upande wa pili alijaribu kumzuia asiingie uwanjani, akiuliza ana miaka mingapi, kitambulisho chake kiko wapi, ametoka wapi. Baba yake hakuwepo, kwa kuwa familia haikuwa na gari la kumfikisha kwenye mechi za mbali. Mtoto alikwenda peke yake kwenye begi lake, akatoa kitambulisho na kukionyesha kwa wazazi wote. Alikuwa amezaliwa Antwerp.

Wazazi wengi wenye asili ya Congo wataitambua hali hiyo bila kuelezwa. Mtoto mfupi anaambiwa hafai. Mtoto mrefu, tena mweusi, anaambiwa amedanganya miaka. Ni ugonjwa uleule: macho yanaishia kwenye mwili.

Na hata kwa Lukaku, njia haikuwa ya moja kwa moja. Alikuwa mfungaji bora wa ligi ya Ubelgiji katika msimu wa 2009-2010, lakini Chelsea, iliyomnunua mwaka 2011, haikumpa nafasi. Ilibidi akopeshwe kwa West Bromwich Albion, ambako alifunga mabao 17 ya ligi katika msimu mmoja.

Wanaojaribu kupima vizuri zaidi

Habari njema ni kwamba wengine wameanza kujirekebisha. Shirikisho la mpira la Ubelgiji liliunda ekipe za pembeni, zinazoitwa Futures, kwa ajili ya vijana wenye kipaji ambao mwili wao unachelewa kukomaa. Hawa nao wanavaa jezi ya taifa na kucheza mechi za kimataifa, badala ya kusahauliwa.

Nchini Uingereza, klabu zimejaribu kuwapanga vijana kwa ukomavu wa mwili badala ya mwaka wa kuzaliwa. Wanachukua urefu na uzito wa mtoto, pamoja na urefu wa baba na wa mama, wanakadiria atafika urefu gani ukubwani, kisha wanahesabu amekwisha kufika asilimia ngapi ya urefu huo. Katika shindano moja, vijana waliokuwa kati ya asilimia 85 na 90 walichezeshwa pamoja. Aliyezoea kushinda kwa nguvu alilazimika kutumia akili na pasi, na aliyezoea kufunikwa alipata nafasi ya kuonyesha mguu wake.

Wachezaji nao wanaweza kugeuka kabisa. Aaron Wan-Bissaka, mzaliwa wa London mwenye wazazi wa asili ya Congo, alilelewa na Crystal Palace kama winga. Aligeuzwa kuwa beki wa kulia, akaanza ligi kuu mwezi Februari 2018, na mwaka uliofuata Manchester United ikamnunua. Mwaka 2025 alijiunga na Léopards. Kama mtu angempima akiwa na miaka 15, angempima katika nafasi ambayo leo si yake.

Ujumbe kwa mzazi

Mambo haya yanatugusa hata sisi tulio Goma, Bukavu, Uvira au Bunia. Kila mara anatokea mtu anayemwambia mzazi kwamba mwanawe wa miaka 15 ameonekana na klabu fulani ya Ulaya, na kwamba inabaki feza ya viza na ya tiketi tu. Wapo waliouza shamba au ng'ombe kwa ahadi kama hiyo.

Mzazi ajue mambo mawili. Kwanza, kanuni ya FIFA inakataza kumhamisha mchezaji wa chini ya miaka 18 kutoka nchi moja hadi nyingine, isipokuwa katika hali chache, kama vile wazazi wanapohamia nchi hiyo kwa sababu zisizohusu mpira. Pili, hata klabu za Ulaya zenye madaktari, kamera na makocha wengi zimeshindwa kumtambua Mertens, Kane na Griezmann waliokuwa mbele ya macho yao. Basi huyo anayedai feza, akiwa ameona video ya dakika mbili kwenye simu, amejuaje?

Mtoto acheze. Aende masomo, ajaribu na mchezo mwingine, abadilishe nafasi uwanjani, apate kocha anayemfundisha badala ya kumtumia. Akiachwa na ekipe akiwa na miaka 14, hiyo si hukumu ya maisha yake. Na akisifiwa sana katika umri huohuo, hiyo nayo si hati ya nyumba.