Bapa la Kale, Mpini wa Juzi

Sime ya Wakamba, iwe ya Ndithini huko Masinga au ya kwingineko Machakos, thamani yake ni bapa: jembamba penye mpini, likapanuka kuelekea nchani. Zamani wahunzi wao waliyeyusha mchanga wa chuma uliookotwa mitoni; baadaye tupa kuukuu na springi za gari zikawa ndizo chuma chao. Mpini ni kitu cha kuchakaa. Ngozi yake ikioza hufungwa nyingine, na sime hubaki kuwa ni ile ile ya babu.

Nasi watu wa pwani tusiwacheke. Panga nyingi za Kimanga zilizofika Unguja, Mombasa na Lamu zilikuwa na bapa lililofuliwa Ulaya, na mji wa Solingen, Ujerumani, hutajwa sana. Mpini na ala zilitiwa na mafundi wa huku kwetu na wa Oman. Kumbe kubadili mpini si jambo geni wala si haramu.

Ugeni umo katika soko. Mkusanyaji wa vitu vya kale hununua umri. Mpini wa pembe ya kifaru au ya ndovu humtia mashakani mipakani, maana biashara ya kifaru kati ya nchi na nchi ilipigwa marufuku 1977, na ya ndovu ikafuata. Basi muuzaji huung'oa, akatia wa mti na shaba, akaupaka masizi uzeeke, kisha akanyamaza. Kunyamaza huko ndiko ghushi. Habari ya Mtume (S.A.W.) kutia mkono katika chungu ya nafaka sokoni, vidole vikakuta umajimaji, msomaji waijua.

Kenya, kwa sheria ya makumbusho na turathi ya 2006, kitu kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895 ni cha kale, na hakitoki nje bila kibali. Lakini bapa la kale likivikwa mpini unaong'aa, nani forodhani atalishuku? Hupita kama pambo la ukutani.

Mnunuzi na atazame pale bapa linapoingia mpinini. Kutu ya miaka ni nyeusi na imetulia. Ikiwa imekatika ghafla, na gundi mbichi yachungulia, aulize mpini wa kwanza uko wapi. Fundi mwaminifu hautupi. Huufunga kitambaani, akautoa pamoja na upanga.