SALAMA BARABARANI: Coccinelle na Peugeot 404, kila motokari na tabia yake



Katika kambi, mwenye Volkswagen Coccinelle anasifu yake, na jirani yake anamjibu na Peugeot 404. Ubishi huo ni mtamu. Lakini sisi wa salama na afya tunauliza neno lingine: shofere aliyezoea moja, akipewa volani ya nyingine, atarudi nyumbani mzima?

Zote mbili ni hodari. Katika mashindano ya East African Safari, yenye vumbi na matope mengi, Volkswagen ilishinda mwaka 1962. Peugeot 404 ikashinda 1963, 1966, 1967 na 1968. Hakuna gari baya hapa. Kuna tabia mbili.

MWENDO. Coccinelle 1200 ina nguvu za farasi 34, na mwisho wake ni karibu kilometa 115 kwa saa. 404, yenye moteri ya litre 1,6, inapita 140. Kwa hiyo mwenye 404 anapita lori upesi. Mwenye Coccinelle anahitaji barabara tupu, ndefu zaidi. Asiyejua tofauti hiyo atakutana uso kwa uso na lori lingine.

KONA. Moteri ya Coccinelle iko nyuma. Uzito huo unakandamiza magurudumu yanayosukuma, ndiyo sababu inatoka vizuri katika matope. Lakini ukiingia kona mbio, kisha ukaogopa na kuondoa mguu ghafula kwenye pedali ya mafuta, sehemu ya nyuma inataka kutangulia. Gari linazunguka, pengine linapinduka.

404 ina moteri mbele, na magurudumu ya nyuma ndiyo yanasukuma. Inatulia vizuri, hata shofere anasahau kama anakimbia. Isipokuwa na mzigo, nyuma yake ni nyepesi na inateleza wakati wa mvua.

Kwa zote mbili sheria ni moja: punguza mwendo mbele ya kona, si ndani yake.

FRENI. Coccinelle 1200 na 404 za kwanza zina freni za ngoma kwa magurudumu yote. Zikiingia maji hazishiki vizuri. Ukivuka maji, kanyaga freni polepole mara kadhaa mpaka zikauke. Kumbuka: kwa kilometa 80, gari linakwenda metre 22 kila sekunde. Sekunde moja ya kushtuka, metre 22 zimekwisha kupita kabla freni haijaanza kazi.

MBELE YA KUONDOKA:
1. Coccinelle: mipira ya nyuma inataka upepo zaidi kuliko ya mbele. Angalia mkanda wa feni. Ukikatika, moteri inaungua.
2. 404: angalia maji ya radiatere, moteri ikiwa baridi.
3. Coccinelle ina tangi ya esansi mbele. Usiweke bido ya esansi pale pamoja na mizigo.
4. Mtoto asikae mbele juu ya magoti ya mama. Gari likisimama ghafula, mikono haiwezi kumshika.
5. Ukitoka posti ya usiku, lala kwanza.

Ajali ikitokea na hakuna moto, msimvute majeruhi kwa nguvu: shingo iliyovunjika inaweza kumwachia ulemavu maisha yote. Mwiteni muganga.

Mama, ukiona sindano ya mwendo inapanda, sema bila haya: «Baba, pole pole.» Mwendo pole ndio mwendo.