Kuhusu ile video yangu ya kuzomewa

Naandika haya kwa sababu nimechoka kumjibu mmoja mmoja. Jumamosi iliyopita niliamka nikakuta ujumbe 114 kwenye grupu la ukoo na simu 9 ambazo sikuzipokea. Moja ilikuwa ya baba mdogo wa Hedaru, ambaye kwa kawaida hapigi simu huku Uingereza mpaka pawe na msiba. Nilikaa chini jikoni kabla sijafungua, maana nilijua ni Bibi. Kumbe Bibi yuko salama Mbaga, anakata majani ya ng'ombe. Aliyekuwa anajadiliwa ni mimi.

Video yenyewe ni ya sekunde 40. Binti yangu ndiye aliyeirekodi. Nimesimama katikati ya ukumbi, nimevaa koti refu jeusi, na watu kama 30, karibu wote Wazungu, wananizomea kwa pamoja. Nilimtumia dada yangu wa Same mjini, yeye peke yake, nikaandika chini: "Nimepata!" Dada akaitupa kwenye grupu bila yale maneno. Ilipofika saa sita mchana ya huko, mama mkubwa alikuwa analia, binamu mmoja anasema niwashtaki wabaguzi hao, na baba mdogo ameshatoa hoja kwamba ukoo uandike barua ubalozini.

Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kwanza, na hilo ndilo lililoniuma. Huku nilipo, jirani yangu wa ukuta mmoja alinisikia wiki nzima nikifanya mazoezi ya kicheko cha kichawi. Tulipokutana kwenye mapipa ya taka aliniuliza kwa upole kama niko salama. Nikamweleza. Akasema ataleta wajukuu zake waone. Dakika mbili, yameisha. Lakini damu yangu mwenyewe imenifanyia kikao nisichokuwepo.

Watu hutusema sisi Wapare kwamba tuko radhi kuuza ng'ombe ili tuendeshe kesi ya kuku. Sawa. Hii ni kesi yangu, na nitaieleza tangu mwanzo wake.

Nilichokwenda kufanya kilikuwa usaili wa kuigiza, na mchezo wenyewe huitwa pantomimu, ingawa huku kila mtu husema panto tu. Waliosoma watasema pantomimu ni kuigiza bila kutamka neno. Ndivyo nilivyojua na mimi. Mwaka wa kwanza niliponunua tiketi niliwaonya watoto njiani kwamba watakaa kimya kama kanisani. Tulipoingia, wazazi walikuwa wanapiga kelele kuliko watoto, na mwanangu akanitazama kama niliyemdanganya.

Jina ni la Kigiriki, maana yake mwigaji wa kila kitu, na Roma ya kale lilimhusu mchezaji mmoja aliyeweza kusimulia kisa kizima kwa mwili wake. Waingereza walilichukua karne ya 18. Mwaka 1717, pale Drury Lane, London, John Weaver alitengeneza mchezo wa kudansi wa miungu ya Kirumi. Mshindani wake John Rich, wa jumba la Lincoln's Inn Fields, akajibu kwa kumtumia Harlequin, yule mjanja wa michezo ya Kiitaliano mwenye nguo za viraka vya rangi. Rich alimcheza mwenyewe, bila kusema neno. Harlequin hubeba mbao mbili nyembamba zilizofungwa pamoja, akikugusa nazo kidogo tu zinalia kama kofi zito. Watu waliingia kwa wingi kutazama hayo kuliko tamthilia za wakubwa.

Kisha ikaja sheria. Mwaka 1737 serikali ya Uingereza ilibana maigizo ya maneno: tamthilia mpya ilibidi ipelekwe kwanza ikaguliwe, na majumba yaliyoruhusiwa kusema kwa London yalikuwa machache mno, yenye hati ya mfalme. Wengine walibaki na muziki, dansi, sarakasi na ishara za mikono. Ukimya huo ndio uliomkuza Joseph Grimaldi, aliyezaliwa 1778. Krismasi ya mwaka 1806, Covent Garden, katika panto ya Mother Goose, alipaka uso rangi nyeupe na mashavu mekundu, na wachekeshaji wa sarakasi wanamwiga hadi leo. Majumba mengine yalifunguliwa mdomo mwaka 1843, sheria ilipolegezwa. Mwaka 1879 Augustus Harris alipoishika Drury Lane aliwaleta waimbaji na wachekeshaji wa kumbi za mitaani, na mmoja wao, Dan Leno, ndiye aliyewazoesha Waingereza kumpenda mama wa mchezo, yaani mwanamume aliyevaa gauni. Mimi nikiisikia panto ya leo, ile kelele yote, huwa naona ni watu waliokatazwa kusema zaidi ya miaka 100 wanalipiza.

Huyo mama wa mchezo hahitaji kuelezwa sana. Mmemwona Joti kwenye Orijino Komedi akiwa bibi kizee na hakuna aliyeandika barua ubalozini. Kinachoshangaza ni upande wa pili: kijana shujaa, kwa desturi, huchezwa na msichana mwenye buti ndefu. Halafu yuko ng'ombe, watu wawili ndani ya ngozi moja, nitarudi kwake. Yule mwema huingia kutoka kulia kwa jukwaa, na adui kutoka kushoto, jambo ambalo wenyewe husema limetoka kwenye maigizo ya kanisa ya kale, mbingu upande huu na jehanamu upande ule. Mwana wa usharika yeyote aliyewahi kusomewa habari za kondoo na mbuzi ataelewa haraka. Mistari miwili ya mwisho, yenye vina, haitamkwi kamwe mazoezini, maana ni nuksi. Watu wazima, mhasibu na fundi bomba na mwalimu mstaafu, hufika pale wakanyamaza na kuangalia viatu vyao.

Na yuko adui. Steringi mnamshangilia, adui mnamzomea, na kumzomea ni sehemu ya tiketi. Adui asiyezomewa ameharibu kazi. Najua kwetu kuzomea ni jambo jingine. Ni mwizi wa kuku sokoni, ni mgombea aliyesema uongo jukwaani, na mtu aliyezomewa Same siku ya soko hana uso wa kurudi wiki inayofuata. Kwa hiyo mama mkubwa simlaumu kwa machozi yake. Nawalaumu wengine, kwa sababu mlikuwepo usharikani Mbaga mwaka ule wavulana hawakuja mazoezini nikapewa Herode. Nilivaa kanzu ya babu na taji la karatasi. Nilipoagiza watoto wauawe, mama mmoja benchi la mbele alisema kwa sauti, "Ashindwe!" Mkanipongeza mpaka Mwaka Mpya. Herode wa kanisani mlimpenda. Mtumishi wa zimwi, adui niliyekwenda kumwigiza, ndiye anayeharibu jina la ukoo?

Usaili wenyewe ulikuwa jioni ya Septemba, kwenye ukumbi wenye harufu ya chai na vumbi la mapazia. Kikundi ni cha watu wa mtaa, hakuna anayelipwa, na kwa vikundi vingi vya namna hii fedha za panto ndizo zinazobeba michezo mingine ya mwaka. Unajaza fomu, unabandikwa namba, unasubiri kwenye viti vya kukunja. Mezani walikaa watatu. Mmoja aliniuliza kama kwetu kuna maigizo. Nilimjibu kwamba Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianza mwaka 1981, kwamba Ebrahim Hussein alitoa Kinjeketile mwaka 1969, kwamba Rais wetu wa kwanza alimtafsiri Shakespeare kwa mkono wake na tafsiri yake ya Julius Caesar ilitoka mwaka 1963, na kwamba panto hiyohiyo imechezwa Dar es Salaam, Little Theatre ya Oysterbay. Swali kama hilo haulizwi mtu wa Leeds. Aliandika kitu kwenye karatasi, tukaendelea.

Nikasoma kurasa mbili. Mwongozaji akawageukia waliokuwa wanasubiri, akasema: mzomeeni, tumwone. Hapo ndipo mtu hupimwa. Adui anayeogopa kelele hurudi nyuma nusu hatua, na adui anayezipenda mno huanza kucheka. Mimi nilizipokea kama mvua ya vuli: nilisimama, nikainua kidevu, nikangoja zipungue, nikamwangalia mmoja tu, mzee mwenye sweta ya kijani, nikamwambia kwamba Jack, kijana wa mchezo, hatamwona ng'ombe wake tena. Ukumbi mzima ukarudisha: atamwona! Hatamwona! Atamwona! Kwa Kiingereza mabishano hayo yanahitaji sentensi nzima kila upande. Kiswahili chetu kinatosheka na silabi moja, "ha", na tangu jioni hiyo watoto wangu hawaongei kwa namna nyingine. Umemaliza kuoga? Sijamaliza! Umemaliza! Nimekatisha chai yangu mara nyingi kwa sababu ya mchezo huo.

Huyu mwanangu mdogo, ana miaka 7, ndiye aliyeielewa panto kabla yangu. Krismasi iliyopita tulikuwa kwenye ibada ya Kiswahili tunayofanya mara moja kwa mwezi. Mchungaji anasoma Mathayo sura ya 2. Alipofika kwenye jina la Herode, mwanangu akasimama juu ya benchi akazomea kwa pumzi yake yote. Kanisa likaganda. Nilimshika shati nikamketisha, masikio yangu yanawaka. Mchungaji akamtazama kwa muda, akarudi kwenye mstari, akalisoma jina tena, polepole, na kila mtoto aliyekuwemo ndani akazomea. Bibi mmoja wa Moshi alifuta macho kwa leso. Baada ya ibada mchungaji alimwambia mwanangu kwamba amesoma sura hiyo miaka 20 na hiyo ndiyo mara ya kwanza Herode kupata haki yake. Jioni hiyo mtoto aliniambia: "Mama, mwakani uwe wewe." Hapo ndipo usaili wangu ulipoanzia, na baba mdogo aandike hilo kwenye barua yake.

Dada yake ana miaka 11 na yeye hakutaka kuzomea mtu. Alitaka ng'ombe. Mchezo wetu ni Jack and the Beanstalk, kijana wa mjane anayepeleka ng'ombe wao wa pekee sokoni, na upande wa mbele wa ng'ombe huyo amepangiwa mvulana wa Kipolandi wa miaka 12, mrefu, mpole. Nilidhani binti yangu atalia kupewa nyuma. Aliiomba mwenyewe. Alisema anayekaa nyuma ndiye anayeamua ng'ombe anatembeaje, wa mbele anaona tu anakokwenda. Ndani ya ngozi unainama, unashika kiuno cha mwenzako, huoni kitu ila visigino vyake. Alianguka mara tatu mazoezi ya kwanza, akarudi nyumbani hasemi.

Akaomba nimpigie Bibi. Tunapiga kwa simu ya mtoto wa jirani, na Jumamosi tuliyopiga mtandao ulishika vizuri. Binti yangu akamwambia anataka kuona ng'ombe anatembea. Bibi akasema huyu wake hatembei, analetewa majani bandani, atembee aende wapi? Kisha akanyamaza, tukasikia kamba inafunguliwa. Akamtoa mpaka kwenye njia ya mgombani, mwenyewe na mabuti na kanga, akamwambia mtoto wa jirani ashushe simu chini, chini zaidi, mpaka tukawa tunaona kwato tu na udongo mwekundu. "Angalia mguu wa nyuma," Bibi akasema. "Unaingia pale wa mbele ulipotoka." Na kweli. Kwato ya nyuma ilikuwa inatua karibu ndani ya alama ya ile ya mbele, bila haraka, na kila hatua mkia unaenda upande wa pili. Binti yangu alipiga magoti mbele ya simu kwenye zulia, midomo inahesabu.

Bibi akauliza huyo ng'ombe wa mchezoni wanamfanyia nini.

"Wanamuuza, Bibi. Kwa maharage."

"Debe ngapi?"

"Punje tano."

Kimya kikapita, nikadhani laini imekatika. "Mama wa huyo kijana yuko wapi?" Bibi akauliza, na binti yangu akamweleza habari za mjane, na zimwi, na mimi mama yake ninayemtumikia zimwi kwa koti jeusi, na watu wanavyonizomea. Bibi alisikiliza yote. Akasema mtu anayechukua ng'ombe wa mjane kwa punje tano azomewe, tena sana, akauliza kama nimepata koti zito, maana huko baridi.

Jumanne mazoezini binti yangu alimchukua yule mvulana pembeni, akamchorea alama sakafuni kwa chaki. Walizunguka ukumbi mara nne bila ngozi, kisha ndani ya ngozi. Mvulana bado anakimbilia mbele kidogo kwenye kona, lakini mguu wa nyuma ulitua kwenye alama, na tena, na tena, na mkia ukaenda upande wa pili. Hiyo pia nimeirekodi. Nitaituma kwenye simu ya mtoto wa jirani Jumamosi, saa za kukamua.