Ua la Njano Lisikudanganye

Ukiniletea ua la njano kutoka Nyamahanga, nitakurudisha ukalete na jani. Kisha nitakuuliza umelichuma wapi. Rangi peke yake haisemi kitu: huku Ngara na Biharamulo vichaka vya maua ya njano ni vingi, vingine wenyeji wa tangu na tangu, vingine wageni.

Mgeni anayejitokeza zaidi ni alizeti pori, Tithonia diversifolia. Kwao ni Mexico na Amerika ya Kati. Afrika aliletwa kupamba bustani, naye akaruka ua. Hurefuka mita 2 hadi 3. Jani lake limepasuka mapande matatu mpaka matano, kama kiganja kilichokunjuliwa, na ukilionja kidogo tu, uchungu hautoki ulimini upesi. Shina la ua huvimba karibu na kichwa. Na hicho tunachokiita ua ni vijiua vingi vilivyobanana, sawa na alizeti ya shambani, isipokuwa hapa hata katikati ni njano, na kichaka kimoja hubeba vichwa chungu nzima.

Yupo pia anayesingiziwa ugeni: Senna didymobotrya. Maua yake husimama wima kama mshumaa, kileleni pana vitumba vyeusi, na majani yake ni vijani vilivyopangwa jozi jozi. Ukiyafikicha yana harufu nzito. Huyu ni mzaliwa wa Afrika. Mgeni msumbufu ni huko Australia. Nimeona watu wakimng'oa kwa hasira isiyo yake.

Turudi kwenye lile swali la wapi. Alizeti pori hupenda jua na ardhi iliyokwisha kuguswa na mkono wa mtu: kando ya barabara, mitaroni, kwenye mashamba yaliyoachwa, kingo za mito. Chini ya kivuli kizito cha miti hajiwezi. Kwa hiyo ukikuta ukuta wake wa njano, uliza kwanza pale palikatwa au palichimbwa nini. Mbegu ni nyepesi, husafiri kwa upepo, kwato na nguo zetu wenyewe.

Lakini alizeti pori si mbaya tu, ana na faida. Utafiti uliofanywa magharibi ya Kenya ulionyesha kuwa majani yake makavu yana takribani asilimia 3.5 ya naitrojeni na asilimia 4 ya potasiamu, na yakifukiwa mabichi huoza haraka. Ila usidhani anatengeneza naitrojeni kutoka hewani kama maharage. Anachokupa amekinyonya mahali alipoota, hivyo ukivuna kila msimu palepale, unahamisha rutuba ya ukingo kuileta shambani.

Ukitaka mbolea, kata kabla vichwa havijakauka na kumwaga mbegu. Fukia majani na vitawi laini tu. Vijiti vigumu vipeleke jikoni vikiwa vimekauka, kwani kipande kibichi kikilala kwenye udongo wenye unyevu huchipua.