Bastola ya babu: alama ndogo inayoweza kukanusha hadithi ya familia

KINDU, Maniema – Matanga yamekwisha, sanduku la marehemu linafunguliwa. Chini ya karatasi za wakati wa Wabelgiji na picha zilizofifia, kuna bastola ndogo yenye kutu. Mjukuu mmoja anasema ni ya Tippu Tip. Mwingine anasema ofisa Mbelgiji alimpa babu kama zawadi. Wa tatu ameshaanza kuhesabu dola.

Jambo kama hili linaweza kutokea Kasuku, Mikelenge au Alunguli, na huzaa maswali matatu: ni silaha gani, ina bei gani, na je, familia inaweza kuibakisha nyumbani? La kwanza linaweza kujibiwa hapa hapa Kindu. Jibu la pili mara nyingi linavunja moyo. La tatu halingojei wajukuu wamalize kubishana.

Njia ya bunduki

Hadithi za aina hii si ajabu Maniema. Katika karne ya 19, Nyangwe na Kasongo zilikuwa ngome za wafanyabiashara wa pembe na watumwa waliotoka pwani na Zanzibar, na bunduki ndizo zilizowapa nguvu. Mwaka 1876 Tippu Tip alikutana na Stanley katika nchi hii, akamsindikiza sehemu ya safari yake ya kuteremka mto Lualaba.

Kisha kukaja vita kati ya Dola Huru la Congo na Waarabu, kuanzia 1892 hadi 1894. Jeshi lililoongozwa na Francis Dhanis liliingia Nyangwe mwezi wa Machi 1893, na Kasongo tarehe 22 Aprili mwaka huo huo. Baadaye wakafuata maofisa, wafanyabiashara na watu wa reli ya Kindu. Wazungu wengi wa wakati ule walitembea na bastola ya mfukoni. Kwa hiyo silaha iliyo ndani ya sanduku inaweza kuwa imepitia mikono mingi.

Chuma kinasema

Silaha nyingi zilizotoka Ubelgiji zilitengenezwa Liège, mji wenye mafundi wa bunduki tangu zamani. Kabla ya kuuzwa, kila silaha ilipelekwa kwenye ofisi ya majaribio, ikapigwa kwa baruti nyingi kuliko kawaida. Isipopasuka, iligongwa muhuri: herufi ELG na nyota ndani ya duara lililorefuka kama yai. Watu wengi hudhani ELG ni jina la kiwanda. Sivyo. Ni alama ya kwamba silaha imepita mtihani.

Hapo ndipo hadithi ya familia inaweza kusimama au kuanguka. Tangu Julai 1893, muhuri huo uliongezewa taji ndogo juu yake. Bastola yenye ELG na taji ilipimwa baada ya Kasongo kuanguka, na Tippu Tip alikuwa ameshaondoka Congo kurudi Zanzibar, alikofariki 1905. Hata mzee akiapa vipi, bastola hiyo haikuvaliwa na Tippu Tip hapa Maniema. Lakini taji ikikosekana, hilo halithibitishi kwamba ilikuwa yake. Linaonyesha tu kwamba huenda silaha ni ya zamani zaidi.

Alama ya pili ni namna inavyopiga risasi. Katika bastola nyingi ndogo za karne ya 19, dawa ya kuwasha baruti imo ndani ya ukingo wa kitako cha ganda, na nyundo hugonga ukingo huo, si katikati. Mfaransa Flobert alitengeneza risasi ya namna hiyo Paris mnamo 1845, na mwaka 1857 kampuni ya Marekani Smith & Wesson ikatoa rivolva yake ya kwanza, yenye vyumba saba, iliyotumia risasi za ukingo. Mafundi wa Liège nao wakaunda nyingi za kufanana nayo.

Maofisa wa Ubelgiji walipewa kitu kingine: rivolva ya ndugu Nagant ya mwaka 1878, ya milimita tisa, inayogonga katikati ya ganda. Kwa hiyo bastola ndogo inayogonga ukingoni ina uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa ya mfanyabiashara au karani kuliko silaha ya kikazi ya ofisa. Hadithi ya zawadi inaweza kuwa kweli. Cheo cha aliyeitoa ndicho cha kutiliwa shaka.

Msiichezee

Uchunguzi huo usianze kabla mtu mwenye ujuzi hajahakikisha kwamba hakuna masasi ndani. Risasi ya ukingo inaweza kulipuka ikigongwa ukingoni, na uzee wake si dhamana kwamba imekufa. Kuichokoa kwa msumari ni kuhatarisha vidole na macho. Kujaribu kufyatua ni hatari zaidi: chuma cha bastola hizi kilitengenezwa kwa baruti nyeusi ya zamani, na risasi ya kisasa inaweza kuipasua mkononi.

Wala isisuguliwe kwa msasa ili ing'ae. Msasa ukiondoa kutu huondoa na alama, yaani ushahidi wote.

Bei iko kwenye karatasi

Mwezi wa Novemba 2016, rivolva ya milimita saba iliuzwa Paris kwenye mnada wa Christie's kwa euro zaidi ya 430,000. Ndiyo ambayo mshairi Verlaine aliinunua Brussels mwaka 1873 na kumpiga nayo risasi mshairi mwenzake Rimbaud. Kama chuma tu, haikuwa na thamani kubwa. Kilichoipandisha ni ushahidi: namba yake ilikutwa katika daftari la duka la silaha la Brussels.

Bastola ya Liège ya kawaida, isiyo na daftari wala barua, huko Ulaya hupata kwa kawaida euro mia chache au chini ya hapo, kutegemea hali yake. Na hata bei hiyo ni ya huko. Marekani, kwa mfano, sheria huzipa silaha zilizoundwa kufikia 1898 nafasi ya pekee kama vitu vya kale. Mkaaji wa Kindu asidhani kwamba nafasi hiyo inamfuata hadi hapa.

Nchini Congo, silaha zinatawaliwa na sheria namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985, inayodai ruhusa ya mamlaka kwa mwenye kumiliki silaha. Kauli ya kwamba “ni ya babu tu” si ruhusa. Katika jimbo lililopitia vita vya 1998 hadi 2003 na makundi yenye silaha, bastola ndani ya nyumba inaweza kugeuka shtaka. Na mnunuzi anayebisha hodi usiku akitaka kulipa bila karatasi anaiachia familia kosa la pili.

Njia iliyo salama ni kuiacha pale ilipo, mbali na watoto, kisha kwenda kutoa taarifa kwa shefu wa mtaa au polisi, bila kutembea nayo mjini. Ikichukuliwa, familia iombe PV inayoeleza silaha na namba yake, na iombe kupiga picha za alama.

Kabla ya hapo kuna kazi isiyohitaji ruhusa ya mtu: kukaa na wazee na kuandika. Nani aliileta, kutoka wapi, mwaka gani, nani alikuwepo. Bastola inaweza kuondoka nyumbani kesho. Mzee anayejua ilivyofika naye ataondoka siku moja, na hakuna PV itakayomrudisha.